Tupeni leseni inayoweza kunyang'anywa

Mhariri,

Hapa Busia, mpakani na Kenya, kuna vijana wanaochonga mihuri. Unamwandikia kijana maneno yako kwenye kipande cha karatasi, unakwenda kunywa chai, ukirudi mhuri uko tayari na hakuna aliyekuuliza wewe ni nani. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki. Ila katika Uganda ya leo, mhuri wa namna hiyo pamoja na kizibao chenye nembo kifuani vinatosha kumfanya mtu yeyote aitwe mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Hakuna sheria inayomlazimu kusajiliwa. Hakuna daftari la taifa unaloweza kulifungua ukatafuta jina lake. Na mtu huyo akiandika ripoti, mtoto anahamishwa kwao. Ndiyo maana naomba kazi hii iwe na leseni.

Nilikuwa polisi. Nilistaafu nikiwa sajini katika kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya mpakani. Siku hizi nauza vitambaa, lakini watu bado huniita Afande na huniletea kesi zao dukani, kana kwamba ofisi ilinifuata. Nikichoka kuwasikiliza nawaelekeza kwa mtu wa probesheni, yule afisa wa wilaya anayeshughulikia kesi za watoto. Wengi hurudi.

Wasomaji wasiojua mambo haya waelewe kwanza uzito wa kalamu ninayoizungumzia. Sheria ya Watoto ya mwaka 1997, ambayo Bunge liliirekebisha mwaka 2016, imemweka afisa wa probesheni na ustawi wa jamii karibu katika kila mlango. Mtoto akifanya kosa, hakimu anatakiwa apate ripoti ya hali ya nyumbani kwao kabla hajaamua. Mtoto akitelekezwa, afisa huyo ndiye anayesema arudi kwa ndugu, apewe mlezi, au apelekwe makao ya watoto. Mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Uganda sharti kwanza amlee kwa angalau mwaka mmoja chini ya uangalizi wa afisa huyo. Sasa, maafisa wa serikali ni wachache, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya miguu hufanywa na watu wa mashirika: wao ndio huenda vijijini, huuliza majirani, huandika. Afisa wa wilaya hupokea karatasi zao, na mara nyingi karatasi hizo ndizo zinazofika mezani kwa hakimu, zimebadilishwa kichwa tu.

Nieleze kesi moja. Msichana wa miaka tisa alikuwa akikaa na bibi yake, mama mzazi akiwa amevuka kwenda kutafuta kazi Kenya. Jirani mmoja aligombana na bibi kuhusu mpaka wa shamba, akaenda kulalamika kwamba mtoto anateswa. Akaja kijana wa shirika fulani, kizibao safi, viatu safi. Baada ya muda nikaletewa ripoti yake kituoni ili polisi wasindikize mtoto kwenda makao yaliyo wilaya nyingine. Kurasa tatu zilizochapwa vizuri kabisa. Zilisema bibi anaishi katika nyumba ya nyasi isiyo na choo, kwamba ni mlevi, na kwamba mtoto hajaonekana shuleni mihula miwili.

Nyumba ile niliifahamu. Ina bati, na choo chake ndicho majirani huomba kutumia mvua zikibomoa vyao. Bibi mwenyewe ni Msabato, pombe hata harufu yake huikimbia. Nikageuza ukurasa wa pili. Hapo katikati msichana wetu akageuka "mvulana huyu", mwenye jina jingine kabisa, wa kijiji ambacho hakimo hata ndani ya wilaya yetu. Jamaa alikuwa amechukua ripoti ya mtoto mwingine, akabadilisha jina la juu, akasahau la katikati.

Nilikataa kusindikiza. Nikaambiwa amri imeshatoka, na kweli ilikuwa imetoka, na mtoto akaondoka na watu wengine. Ilichukua miezi kumrudisha. Aliporudi alikuwa ameshazoea kumwita matroni "mama", na alimwamkia bibi yake kwa adabu zote, kama mtu anavyomwamkia mgeni.

Nikaanza kutafuta pa kumshtakia yule kijana. Shirika likasema alikuwa wa mkataba na mkataba umekwisha. Wilaya ikasema si mwajiriwa wao. Kipo chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii, na kina watu makini wanaoipenda kazi yao, lakini kujiunga ni hiari, na kijana hakuwa mwanachama. Huwezi kumfukuza mtu asiyekuwa ndani. Nikapeleka faili kwa mwanasheria wa serikali. Akaisoma, akaniuliza hasara iliyopatikana ni shilingi ngapi. Nikakosa la kumwambia, maana fomu ya polisi ina nafasi ya kuandika thamani ya ng'ombe aliyeibwa lakini haina nafasi ya kuandika miezi ya mtoto.

Baadaye nilikutana naye Tororo katika ukumbi wa hoteli moja, kwenye mafunzo. Kizibao kilikuwa cha rangi nyingine, shirika jingine. Alinisalimia vizuri sana.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa barua yangu. Watu wanapozungumzia leseni ya taaluma hii, huizungumzia kama zawadi: wasomi wetu nao watambuliwe, wapate heshima, wapate mshahara unaolingana na wa wenzao. Sawa, wana haki. Lakini mimi naitazama leseni kwa jicho la polisi. Kwangu faida yake kubwa ni kwamba inaweza kunyang'anywa. Muuguzi akiua mgonjwa kwa uzembe, Baraza la Wauguzi na Wakunga lina daftari lenye jina lake na lina uwezo wa kulifuta, asipate tena kushika sindano hospitali yoyote nchini. Wakili anayekula pesa za mteja ana pa kuitwa. Hata fundi wa kutandaza nyaya za umeme nyumbani mwangu anatakiwa awe na kibali. Yule anayeamua kama mjukuu wangu alale kwangu au alale makaoni, hana cha kupoteza.

Nisieleweke vibaya kwamba ninawapigia debe wenye shahada. Kijana yule alikuwa na shahada, ya usimamizi wa biashara, na cheti cha semina. Na mtu bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi hana hata diploma. Ni mama mmoja wa kijijini, miongoni mwa wale wahudumu wa jamii waliofundishwa kwa muda mfupi miaka ile ya miradi ya watoto yatima. Ana daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita, na ndani yake kila nyumba ina ukurasa wake: nani anaumwa, nani kaacha shule, baba yupi karudi kutoka Juba na hasira. Akikwambia "Afande, nyumba ile msingoje Jumatatu", hungoji Jumatatu. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi iliyokuwa ikiwapa watu kama yeye posho ya usafiri ilikatika ghafla. Vizibao vingi vilitundikwa msumarini siku hiyo. Yeye anaendelea, ila sasa anatembea kwa miguu, na nyumba za mbali zimepoteza kurasa zao.

Sheria itakayomfungia mlango mama huyo itakuwa imetuibia. Kwa hiyo leseni iwe ya ngazi. Mwenye cheti cha mafunzo mafupi asajiliwe kwa ngazi yake, aruhusiwe kutembelea nyumba na kuandika alichokiona kwa macho yake, na jina lake liwemo daftarini kama la mwingine yeyote. Mwenye diploma naye na mipaka yake. Lakini karatasi inayokwenda mahakamani kusema mtoto aondolewe kwao, hiyo isainiwe na mtu aliyesomea kazi hii, aliyeifanya kwanza chini ya mkubwa wake, na namba yake ya usajili iandikwe chini ya sahihi ili hakimu aweze kuihakiki. Waliomo kazini tayari wapewe miaka kadhaa ya kujiendeleza. Na ada iwe ya mtu wa kijijini. Mkitoza ada ya Kampala mtabaki na watu wa Kampala.

Wapo wenzetu waliotutangulia. Afrika Kusini ina sheria yake tangu 1978, na baraza lake. Zimbabwe ilitunga yake mwaka 2001. Zambia ilipitisha ya kwao mwaka 2022. Marekani kila jimbo lina bodi yake ya leseni, na huko kuna jambo la kujifunza kwa tahadhari: majimbo mengi hutaka mtihani, na mwaka 2022 bodi inayoutunga ilipochapisha takwimu za ufaulu, pengo kati ya watahiniwa weupe na weusi lilikuwa kubwa kiasi cha kuzua ugomvi mpaka leo. Jimbo la Illinois lilikuwa limeshaondoa mtihani huo kwa ngazi mojawapo ya leseni yake. Sisi tukianza, tusikimbilie kuiga mtihani wa kujaza vidoto kwa Kiingereza kisha tukashangaa kwa nini Karamoja, kule kaskazini mashariki, haina mwenye leseni hata mmoja.

Elimu yenyewe nayo iangaliwe, na hapa nitasema kidogo zaidi kwa sababu niliiona kila mwaka kituoni kwangu. Uganda si mgeni katika kuwafundisha watu hawa. Chuo cha Nsamizi kule Mpigi ni kikongwe, na Makerere wamekuwa wakifundisha somo hili tangu miaka ya 1960. Siku hizi karibu kila chuo kikuu kinalo, kwa majina tofauti. Tatizo linaonekana ikifika Juni, wanafunzi wanapotumwa kwa mazoezi ya kazi.

Tulikuwa tukiletewa wanne au watano kwa mpigo. Wanakaa kwenye benchi la mahabusu kwa sababu viti hatuna. Kuna daftari la mazoezi ambalo kila siku wanatakiwa waandike walichofanya, na mkuu wa kituo asaini. Wiki ya mwisho utawaona wamejikunja kwenye veranda wanajaza wiki zote mchana mmoja, huku wakibadilishana kalamu, ya buluu, nyeusi, nyingine ya wino unaokaribia kwisha, ili ionekane ziliandikwa siku mbalimbali. Siwalaumu sana. Walichofanya kweli ni kupeleka karatasi kutolewa kopi na kununua chapati. Mwalimu wao alikuja mara moja, akasalimia, akauliza wapi hapa mtu anapata samaki mzuri wa ziwani, akasaini, akaondoka. Mwanafunzi huyo mwaka unaofuata ana shahada, na anaruhusiwa kuandika ripoti ya mtoto.

Mara moja tuliletewa mvulana aliyeteremshwa kwenye lori. Alisema ametoka upande wa Bunia, Kongo, na alikuwa akizungumza Kiswahili chao kile, ambacho ukitulia unakielewa chote. Askari wote walikuwa doria, nami nilikuwa mahakamani. Mwanafunzi wa mazoezi, binti mwenye akili na maksi nzuri, akajaribu kumhoji. Kiswahili hana, kwa hiyo alimwita mtu wa bodaboda aliyekuwa nje amfasirie. Niliporudi nilikuta mtoto amezungukwa na watu watatu wa bodaboda, kila mmoja anatafsiri na kuongeza ushauri wake, na mtoto amenyamaza kimya. Baraza la Mawaziri lilikubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Basi kianze na hawa. Mtu anayesomea kuzungumza na watoto waliopotea mpakani ajue lugha ya mpakani, kama vile askari polisi anavyoijua.

Ninachopendekeza ni rahisi kukisema na kigumu kukilipia: mazoezi yafanyike chini ya mtu mwenye leseni, mtu huyo awe na wanafunzi wachache, alipwe kwa kazi hiyo, na akisaini uongo leseni yake iwe hatarini. Vyuo vitalalamika kwamba hawatapata wasimamizi wa kutosha. Basi wapunguze wanafunzi.

Kuna jambo la mpaka ambalo wakubwa wa Kampala hawalioni kwa sababu hawaishi hapa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimetia saini makubaliano ya kutambuana kitaaluma kwa wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo, hata madaktari wa mifugo. Ng'ombe akiugua, daktari wake ana njia ya kutambulika upande wa pili. Mtoto akivushwa, afisa wetu akimpigia mwenzake wa Busia ya Kenya wanaanza kwa kuulizana, wewe nani, umetumwa na nani, barua iko wapi. Wakijuana kwa sura, mambo yanakwenda. Afisa akihamishwa, tunaanza upya. Marekani majimbo yameanza kuunganisha leseni zao kwa mkataba, Missouri ikiwa ya kwanza mwaka 2023. Sisi hatuwezi hata kuomba jambo kama hilo kwa sababu hatuna leseni ya kuunganisha.

Najua jibu la Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, au angalau nalikisia: serikali imekuwa ikiunganisha mashirika yake kubana matumizi, huu si wakati wa kuunda baraza jipya lenye mkurugenzi na gari. Naafiki. Sitaki mkurugenzi wala gari lake. Nataka daftari, kamati ya watu wachache wenye uwezo wa kisheria wa kumwita mtu ajieleze, na karani anayepokea simu. Chumba kimoja ndani ya wizara kinatosha kuanzia.

Lakini leseni bila watu ni karatasi tupu, na hili nalisema hata kama linaharibu hoja yangu. Sensa ya 2024 ilituhesabu watu milioni 45.9, karibu nusu yetu watoto. Wilaya ni zaidi ya 130. Afisa wa probesheni niliyefanya naye kazi miaka ya mwisho alikuwa peke yake kwa wilaya nzima: kesi za watoto, ugomvi wa ndoa, mahakama, vikao, na pikipiki isiyo na mafuta. Mlalamikaji akija huambiwa alete mafuta. Mwanamke aliyekimbia kipigo bila hata kandambili anaambiwa alete mafuta! Kule kwenye gombolola, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, kuna maafisa wa maendeleo ya jamii, ambao kwa cheo chao ndio wangekuwa mikono yake. Tangu mpango wa maendeleo wa parokia (parokia ya utawala, si ya kanisa) uanze mwaka 2022, na shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, wanashinda wakihakiki vikundi na orodha za wakopaji. Siubezi mpango huo, umewasaidia watu ninaowajua. Ila mtoto aliyepigwa hana kikundi, hana akaunti, hivyo zamu yake haifiki. Wizara ya Fedha itenge fungu la probesheni linalotajwa kwa jina katika bajeti ya wilaya, lisichanganywe na mengine, maana likichanganywa huliwa na vikao.

Mbunge atakayepeleka muswada wa leseni hii atatafuta kwanza waliokaa Kampala kumshauri. Namwomba aje na huku, tena siku ya soko, aone wenyewe wanaoshughulika na watoto wanavyofanya kazi. Nitamwonyesha yule mama mwenye daftari. Chai nitatoa mimi.

Wakati tukingoja, msomaji akijiwa nyumbani na mtu wa kizibao anayetaka kuuliza habari za mtoto, asimfukuze, maana wengi wao ni watu wema. Amwombe barua kutoka kwa afisa wa probesheni wa wilaya, aisome, asiitoe mkononi mpaka ameandika jina na namba ya simu ya aliyeileta. Amwite mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, akae hapo. Akiambiwa atie sahihi karatasi, aombe isomwe yote kwa lugha anayoielewa, ukurasa wa pili pia. Na akiona mambo hayaeleweki, namba 116 ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Sajini mstaafu,
Busia.

(Mhariri, jina langu unalo. Usilichapishe, wateja wangu wengine ni watu wa mashirika.)